Kujipima kabla ya kuomba Deep Springs

Jumapili, usiku

Anayeuliza kuhusu Deep Springs, chuo kidogo cha Marekani, karibu kila mara huanza na asilimia: wanaomba wangapi, wanachukuliwa wangapi. Hesabu yenyewe ni fupi. Chuo kizima kina wanafunzi wasiozidi 30, masomo ni ya miaka 2, basi kila mwaka nafasi ni 12 hadi 15 na wanaozigombea ni mamia. (Tangu 2018 wasichana nao wamo.) Ukishajua hayo, bado hujajua lolote kuhusu nafasi yako wewe.

Mimi ningeanza kwa kuuliza nani atasoma maombi. L. L. Nunn alikianzisha chuo hiki mwaka 1917 katika bonde la jangwa, California, karibu na mpaka wa Nevada, juu ya nguzo 3: masomo, kazi za mikono na kujitawala. Hiyo ya tatu ndiyo inayowaingiza wanafunzi kwenye kamati ya udahili. Wengi wa wanaokusoma ni vijana wa miaka 19 au 20, na wanajua wakikuchukua wataamka nawe alfajiri kukamua ng'ombe na kubishana nawe mkutanoni hadi usiku mwingi.

Kwa hiyo divisheni one inasaidia, lakini haikuvushi. Raundi ya kwanza ni insha. Wanaopita huandika nyingine, kisha huenda kukaa bondeni siku chache: wanaingia darasani, wanafanya kazi, wanasailiwa na kamati.

Insha zinazoanguka kirahisi ni zile safi mno: vyeti, uenyekiti wa klabu, "tangu utotoni nimekuwa na ndoto". Ichukue yako ufute kila sentensi ambayo mwenzako wa dawati moja angeweza kuiandika vilevile. Ikibaki nusu ukurasa, bado hujaandika. Tafuta jambo ulilowahi kuliamini ukaliacha, useme hoja ipi ilikutoa hapo. Usaili nao hufuata mkondo huohuo, watakupinga makusudi waone unavyofikiri, na majibu ya kukariri hujulikana dakika za mwanzo.

Kazi ni saa 20 kwa wiki au zaidi: ng'ombe, jikoni, bustani, kumwagilia lusini (majani ya kulisha ng'ombe). Hapa aliyekulia kijijini hujiangusha mwenyewe. Huficha kwamba amechunga na kulima, akidhani kutamshushia hadhi, na kumbe hiyo ndiyo aya ambayo wa mjini hana. Aiandike kwa undani: zamu ilipangwaje, ng'ombe alipogoma kushusha maziwa alifanya nini, nani alilaumiwa. Ila asijigeuze shujaa wa umaskini, maana wasomaji hawa wana pua kali.

Linalonisumbua zaidi ni pesa. Ufadhili wa chuo unalipia ada, chumba na chakula. Nauli na vitabu ni juu yako. Baada ya miaka 2 hutoki na shahada ya kwanza. Wengi huhamia chuo kikuu kingine kuimalizia, na vyuo vingi vya Marekani huwabania msaada wanafunzi wa kigeni wanaohamia. Kabla hujaandika hata insha moja, chagua vyuo 5 ambako ungependa kumalizia, viandikie barua pepe na swali moja tu: mgeni anayehamia mwaka wa tatu anapewa msaada kamili? Vikikataa vyote, omba kwingine kwenye miaka 4 mfululizo.