Doa jeupe lililojificha ndani ya diski ya injini

Kila ninaposoma ripoti ya ajali ya ndege, huanza na kurasa za maabara ya metali, ambazo wasomaji wengi huziruka. Ripoti ya safari namba 383 ya American Airlines imenirudisha kwenye kurasa hizo mara kadhaa.

Tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 yenye watu 170 ilikuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa O'Hare, Chicago, kuelekea Miami. Ilikuwa imekaribia kilomita 240 kwa saa, chini kidogo tu ya kasi ambayo rubani akiipita hulazimika kuruka hata kama injini imeharibika, pale injini ya kulia ilipopasuka. Marubani walifunga breki, ndege ikasimama, na mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye bawa yakawaka.

Kilichovunjika ni diski ya hatua ya pili ya turbini ya shinikizo kubwa, yaani gurudumu la ndani ya injini linalozungushwa na gesi ya moto. Sehemu hii ni nzito na huzunguka kwa kasi kubwa mno, hivyo hakuna ganda la injini linaloweza kuvizuia vipande vyake. Kimoja kilitoboa bawa, kikaenda kuangukia ndani ya ghala la mizigo lililokuwa karibu mita 900 kutoka pale. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walivikusanya vipande, wakaangalia sura za mivunjiko kwa hadubini na kufuata mistari ya uchovu wa chuma (ufa unaokua kidogo kidogo kila mzigo unaporudiwa) kurudi nyuma hadi mahali ufa ulipoanzia. Haukuanzia juu ya diski bali ndani yake, kwenye kasoro ambayo wataalamu huiita doa jeupe chafu: sehemu ndogo ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli iliyopungukiwa na niobiamu, metali inayoipa nguvu, na kuchanganyika na uchafu wa oksidi wakati chuma kilipokuwa kikiyeyushwa kiwandani, mwaka 1997.

Diski hiyo ilikuwa imeruka na kutua mara 10,984, ilhali iliruhusiwa kufikisha 15,000. Siwezi kuwalaumu mafundi wa karakana, kwani dawa inayong'aa ambayo hupakwa kutafuta nyufa huonyesha tu zile zilizofika juu ya chuma. Ndiyo maana bodi ilitaka diski za aina hiyo zipimwe kwa mawimbi ya sauti yanayopenya ndani wakati ziko kazini, si kiwandani pekee.

Hata hivyo, kwangu sehemu nzito zaidi ya ripoti ni ile ya uokoaji. Orodha ya hatua za moto wa injini haikutofautisha ndege iliyo angani na ile iliyosimama ardhini, hivyo marubani wakawa bado wanaifuata huku injini ya kushoto ikiendelea kuunguruma. Wahudumu walijaribu kuwafikia kwa simu ya ndani bila mafanikio, na kwa kuwa moto ulikuwa ukionekana madirishani, walianza kuwatoa abiria wenyewe. Kwa maoni yangu walifanya sawa. Abiria wote walitoka wakiwa hai, wengine wakiwa na majeraha madogo na mmoja akiwa amejeruhiwa vibaya. Huyo alikuwa ameshashuka kupitia mlango wa juu ya bawa la kushoto, mbali na moto, akaangushwa na upepo wa injini iliyokuwa nzima.