Jinsi Nilivyochagua Njia ya Kupokea Malipo kutoka Ng'ambo

Kila Jumamosi asubuhi mimi huwalipa akina mama kumi na mmoja wa Kwale, pwani ya Kenya, wanaosuka mikoba ya ukili ninayoiuza mtandaoni, na huwalipa kwa M-Pesa, kwa shilingi, kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo wao huelekea sokoni. Nimeanza na siku hiyo kwa sababu watu wengi wanaoniuliza wachague njia gani ya kupokea malipo kutoka nje huanza na mteja: yuko nchi gani, ana kadi gani, amezoea kulipa vipi. Mimi pia nilianzia huko, na mwaka mzima ukapita kabla sijatambua kwamba swali la kwanza ni pesa hizo zinahitajika wapi, lini na kwa sarafu gani. Ukishalijibu hilo, njia nyingi hujiondoa zenyewe.

Chukua mkoba mmoja wa dola 40. Tuseme njia uliyoichagua inatoza asilimia 4 ya mauzo na senti 30 juu yake. Zinabaki dola 38.10, nawe unaona kwamba umekatwa kidogo tu. Sasa unataka kuzitoa. Dola inauzwa kwa shilingi 130, lakini kampuni inakubadilishia kwa kiwango chake yenyewe, kilicho chini kwa asilimia 3, kwa hiyo kila dola inakupa shilingi 126.10. Mkononi unapata takriban shilingi 4,804, ilhali mteja ametoa dola zenye thamani ya shilingi 5,200. Umeacha njiani karibu shilingi 396, yaani zaidi ya asilimia 7 na nusu, na hapo hujahesabu ada ya kutoa. Ile asilimia 4 ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tovuti ya kampuni. Ile 3 utaikuta tu ukilinganisha kiwango ulichopewa na kile cha Benki Kuu siku hiyohiyo. Nawasihi mfanye hesabu hii kwa karatasi na kalamu, kwa bidhaa yenu wenyewe, kabla ya kufungua akaunti yoyote. Anayeuza vitu vya bei ndogo, tuseme pete za dola 6, atagundua kwamba zile senti 30 peke yake ni asilimia 5 ya mauzo yake.

Mahali unapoishi nako kunaamua mengi. Sisi wa Kenya tunaweza kupokea malipo kwa PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, na tangu mwaka 2018 tunaweza kuzihamisha pesa hizo moja kwa moja hadi M-Pesa. PayPal haiweki shilingi ya Kenya, kwa hiyo salio hukaa kwa dola au sarafu nyingine kubwa, na kila unapotoa lazima ubadilishiwe. Rafiki yangu wa Tanga, ambaye anauza kanga na mito iliyodariziwa, hana nafasi hiyo, kwa kuwa akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania inaweza kulipa lakini haiwezi kupokea. Alishauriwa na wengi atumie akaunti ya ndugu yake aliye Uingereza. Nilimwomba asifanye hivyo, na nafurahi kwamba alinisikia. Akaunti yenye jina la mtu mmoja, inayopokea mauzo ya mtu mwingine na kufunguliwa kila siku kutoka nchi nyingine, ndiyo hasa inayotiliwa shaka, na ikifungwa, si wewe mwenye jina la kuzidai pesa zilizomo. Badala yake alijiunga na Pesapal, kampuni ya malipo iliyoanzia Kenya mwaka 2009 na inayohudumia Tanzania na Uganda pia, na sasa wateja wake hulipa kwa kadi za Visa na Mastercard bila yeye kujificha nyuma ya jina la mtu.

Kufungiwa akaunti nakufahamu. Mojawapo ya kampuni nilizojaribu mwanzoni, ambayo sitaitaja, iliisimamisha akaunti yangu mwezi wa Novemba, wakati mauzo yalipopanda ghafla kutoka mikoba kumi na miwili kwa juma hadi karibu tisini. Waliniandikia wakitaka ankara za wanaoniletea bidhaa. Akina mama wa Kwale hawatoi ankara. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa M-Pesa na daftari lenye madoa ya chai, na vyote viwili walivikataa. Pesa zilikaa karibu miezi sita. Katika muda huo nilikopa kwenye chama chetu ili wasukaji wasilale njaa kwa kosa ambalo halikuwa lao, na bado nakumbuka nilivyosimama kibarazani kwa Mama mkubwa wa kikundi nikimweleza kwamba mikoba imeuzwa, imelipiwa, imefika kwa wenyewe, na hata hivyo sina pesa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa hizo pesa ziko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu ambalo lingemwingia mtu yeyote mwenye akili timamu.

Tangu siku hiyo biashara imesajiliwa, jina la usajili ni lilelile lililo kwenye akaunti ya benki na kwenye tovuti, na kila mzigo ninaouchukua Kwale una karatasi yenye tarehe, idadi, bei na sahihi, au dole gumba kwa wasiotia sahihi. Tena, msimu wa mauzo makubwa ukikaribia, huwaandikia kampuni ya malipo mapema kuwaarifu. Sijui kama huwa wanasoma kila barua, lakini nina nakala.

Jambo la pili ambalo hesabu za ada hazikuonyeshi ni mteja anayebadili nia. Anayelipa kwa kadi anaweza kwenda benki yake na kudai kwamba mzigo haukufika au kwamba hakuidhinisha malipo, na kwa kawaida ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Benki huzirudisha pesa kwanza, nawe ndiwe unayetakiwa kuthibitisha, mara nyingi ukiwa pia umetozwa ada ya mgogoro wenyewe. Kwa hiyo sipeleki tena mkoba wowote bila nambari ya kufuatilia mzigo, hata kama posta ya kawaida ni nafuu zaidi. Ukichagua lango la malipo, yaani kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba yako, uliza kama linatumia uthibitisho wa ziada wa mwenye kadi, ule unaomtaka aidhinishe malipo kwenye simu yake. Muamala uliopita hapo, mteja akija kudai kwamba kadi iliibwa, kwa kawaida hasara huibeba benki iliyotoa kadi, si wewe. Wateja wa Ulaya wameuzoea, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Septemba 2019 inautaka. Wa Marekani hushangaa na baadhi huacha ununuzi katikati. Nimekubali kupoteza hao wachache.

Naulizwa sana kuhusu Stripe, lango la malipo linalotumika sana ng'ambo. Mfanyabiashara wa Kenya hawezi kufungua akaunti yake akiwa na kampuni ya Kenya tu, ingawa Stripe ndiyo iliyoinunua Paystack, lango la malipo la Nigeria, mwaka 2020, na Paystack yenyewe inafanya kazi hapa. Wengi huamua kusajili kampuni Delaware, Marekani, kwa huduma ya Stripe iitwayo Atlas. Ni njia halali na inafaa kwa biashara yenye mauzo makubwa. Ila mwenye kampuni ya aina ya LLC, yaani yenye dhima yenye ukomo, huko hulipa jimbo dola 300 kila mwaka, auze asiuze, na mgeni anayeimiliki peke yake anatakiwa kuwasilisha fomu 5472 kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo adhabu ya kutoiwasilisha ni dola 25,000. Nikilinganisha na mikoba yangu, niliona nitakuwa nawasukia wahasibu. Wenye maduka kwenye Shopify, huduma ya kufungulia duka la mtandaoni, waangalie pia kwamba, kwa sisi tusioweza kutumia huduma ya malipo ya Shopify yenyewe, wao huongeza ada yao juu ya ile ya lango la malipo, hadi asilimia 2 kwenye mpango wa Basic.

Kwa maagizo ya jumla, kadi haifai. Duka moja la Hamburg, Ujerumani, hununua mikoba mingi kwa mara moja, nalo hulipa benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa mawasiliano wa mabenki duniani. Mara ya kwanza niliandika ankara ya euro 1,150 na zikaingia 1,118. Nilidhani nimedhulumiwa, hadi mwenye duka aliponitumia nakala ya MT103, hati ya benki yenye maelezo ya malipo hayo. Kwenye sehemu ya 71A paliandikwa SHA, maana yake ni kwamba gharama zinagawanywa, na benki ya katikati ilikuwa imejikatia chake. Sasa ankara zangu husema wazi kwamba gharama zote ni za mlipaji, OUR, na tofauti hiyo nimeizungumza na mnunuzi kabla ya kupanga bei.

Limebaki suala la kubadilisha dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na watu wengi, nami nikiwamo, tulizishikilia dola zetu tukingoja zipande zaidi. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipia sehemu ya deni lililokuwa likiiva mwezi Juni, shilingi ikapata nguvu, na baada ya miezi miwili hivi dola ilikuwa karibu na 130. Aliyebaki na dola 2,000 alipoteza takriban shilingi 60,000, zaidi ya ada zote nilizolipa mwaka huo. Nami nawalipa wasukaji kwa shilingi, kwa hiyo kuzishikilia dola ilikuwa kamari kwa jasho la watu wengine. Siifanyi tena.

Kwa sasa mauzo ya rejareja yanapita njia mbili, PayPal kwa wanaoipenda na lango la kadi kwa wengine, ili moja ikisimama nyingine iendelee. Maagizo ya jumla yanaingia kwenye akaunti ya benki ya euro. Kila Alhamisi natoa kiasi cha juma na kukibadilisha, hata kama kiwango hakinipendezi, ili Ijumaa ibaki ya kutatua hitilafu ikitokea. Na pembeni, katika akaunti ya shilingi isiyounganishwa na tovuti yoyote, nimeweka ujira wa mwezi mzima wa wale akina mama kumi na mmoja, shilingi 96,800, nao sijaugusa.