Nilivyoingia melini kwa amri ya mahakama

Mimi nakunja mabati Kizota, hapa Dodoma. Bahari tunaisikia tu. Kitu pekee tunachosimuliana kwamba kilizama huku ni yule tembo aliyeupa mji jina. Kwa hiyo siku tulipofungua koili ya kwanza, yaani roli la bati, kutoka bandarini na maji ya rangi ya chai yakachuruzika sakafuni, nilijua ni mvua. Nikamfokea dereva kwamba hakufunga turubai. Mdogo wangu, aliyewahi kufanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, akachovya kidole akaonja, akatema. "Kaka, hii ina chumvi."

Meli ilikuwa bado Dar inashusha mizigo ya wengine. Nikampigia wakili nikitaka ikamatwe mara moja. Akanipoza. Kukamata meli ni vita, akasema, na ukikosea unaweza kudaiwa hasara ya siku ilizolala. "Kwanza tuombe kuiona." Koili ningeweza kuzifungia stoo mwaka mzima, lakini mifuniko ya ngama, yaani chumba cha mizigo, ingeondoka na meli, na mipira yake ya kuzuia maji ingebadilishwa bandari ya mbele.

Taarifa ya uharibifu tuliituma kwa maandishi siku ileile. BL yangu, yaani hati ya shehena, ilifuata Kanuni za Hague za 1924 za kusafirisha mizigo baharini: kama uharibifu haukuonekana wakati wa kupokea mzigo, una siku 3 za kutoa taarifa. Ukichelewa hapo dai halifi, ila kazi ya kuthibitisha inakuwa ngumu. Mwaka 1 ukipita bila kufungua kesi, ndipo linakufa.

Maombi yalikwenda Mahakama Kuu kwa hati ya dharura, pamoja na kiapo changu na picha, chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Mimi nilitaka tukague meli nzima. Wakili akafyeka: ngama namba 2, mifuniko yake, na kurasa za logi, kitabu cha kumbukumbu za meli, za safari ile, basi. Alisema jaji akiona unavua samaki usiowajua, atakunyima hata yule uliyemwona. Tulipata muda wa saa 6, kila upande na mtaalamu wake, gharama juu yangu, na sharti kwamba tusicheleweshe upakuaji.

Nikapanda treni ya SGR. Wakala wa meli aliisoma ile amri mara mbili, akapiga simu tatu, mwishowe akatutafutia kofia ngumu.

Mkaguzi wetu hakuwa na haraka. Alipitisha kidole gumba kwenye mpira unaozunguka mfuniko: sehemu nyingine ulibonyea, kwenye kona ulikuwa mgumu kama soli ya kandambili kuukuu. Chini ya kona hiyohiyo, ukutani mwa ngama, michirizi ya kutu ilishuka hadi pale koili zangu zilipokuwa. Afisa wa meli akasema hilo ni jasho la meli, mvuke unaoganda ndani hewa ya nje ikipoa. Ni kweli jasho lipo, lakini jasho ni maji yasiyo na chumvi. Mkaguzi akatoa kichupa cha nitrati ya fedha, dawa inayogeuka nyeupe ikikutana na chumvi, akadondosha tone moja kwenye mchirizi. Likageuka jeupe, zito, kama maziwa yaliyoingia ndimu. Akarudia mbele ya mtaalamu wao, na yeye akapiga picha. Afisa akanyamaza. Logi nayo ilionyesha siku mbili za mawimbi kupanda sitaha.

Meli iling'oa nanga usiku uleule, wala sikuizuia. Kesi tumeshaifungua, na klabu ya bima ya wenye meli imetoa barua ya dhamana ya malipo tukishinda, kwa hiyo sasa tunabishania idadi. Wao wanasema koili 11 ndizo zilizoharibika, mimi nasema 14. Zote ziko stoo, na turubai limefungwa vizuri. Dereva mwenyewe ndiye aliyelifunga, baada ya kunifanya niombe radhi mbele ya vijana.