Dadake alijua kitovu kiko wapi

Sizoni ya nne ya Supergirl nimeimaliza wiki hii. Najua nimechelewa, ilianza 2018 na siriz yenyewe iliisha 2021, lakini hapa Malindi vitu hunifikia kwa flashi za watu, saa yoyote vikifika mi napokea. Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu wa superhiro. Ila leo sitaki kuongea kuhusu Supergirl mwenyewe, nataka kumuongelea Nia Nal, mana nimemuwaza mpaka usingizi umekimbia na nyumba nzima wamelala, hakuna wa kumueleza.

Nia ni ripota, mgeni kazini, muoga muoga hivi, asinzia ovyo ofisini na kumbe kusinzia kwenyewe ndo kipaji chake, yuwaota mambo kabla hayajatokea. Kisha ni transjenda. Alizaliwa akaitwa mvulana, yeye ni msichana, na hilo bosi wake analijua mapema kabisa, episodi ya pili tu, amwambia wamekaa ofisini wanabishana kuhusu makala. Hakuna muziki mzito, hakuna mtu kuzimia. Anayemwigiza ni Nicole Maines na yeye mwenyewe ni transjenda, ndo superhiro wa kwanza wa hivyo kwenye tiivii. Huyu dada ana pacha wa kufanana, kakake. Alipokuwa mdogo kule jimbo la Maine, Marekani, shule ilimkataza choo cha wasichana, wazazi wakaenda mahakamani, na 2014 mahakama kuu kabisa ya jimbo ikasema shule imevunja sheria. Yani kabla hajavaa kepu ya superhiro keshapigania choo. Mi hapo ndo nilianza kumheshimu.

Sasa kilichoniuma. Kipaji cha ndoto kwenye ukoo wa mamake Nia hurithiwa, kila kizazi binti mmoja tu. Wote nyumbani walijua kitamshukia Maeve, dadake mkubwa, na Maeve amejiandaa toka utotoni, amesoma, amengoja. Kikamshukia Nia. Nia akaficha, mana atamwambiaje dadake? Mama anafariki, Maeve anagundua, na pale kwenye msiba, mama hata hajapoa, amwambia maneno ambayo kiufupi ni kwamba haiwezekani kije kwako, we si mwanamke wa kweli.

Na huyu Maeve si adui jamani. Huyu ndiye aliyekuwa upande wake miaka yote, familia nzima ilikuwa imemkubali Nia toka mdogo.

Nilisimamisha vidio nikakaa tu. Nikamkumbuka Fumo Liyongo, mana kwetu sisi superhiro wa kwanza ni yeye, nyanyangu alikuwa akitusimulia, jitu halichomwi mkuki likafa, halikamatiki, minyororo alikata kwa tupa aliyofichiwa na mamake ndani ya mkate. Maadui wamejaribu wee wakachoka. Aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa, mana baba alimwambia siri mwenyewe, kwamba silaha inayomuweza ni sindano ya shaba, tena kitovuni. Maeve naye hivyo hivyo. Watu wabaya wa siriz nzima wana mabunduki na maroboti na wameshindwa na Nia, lakini dada alijua kitovu kiko wapi na sindano akaipeleka hapo hapo.

Ndo mana nasema aliyeandika hiyo episodi anazijua familia. Hapa pwani ukitaka kuona ndugu wakigeukana ngojea mirathi. Watu wamekula sahani moja miaka arobaini, marehemu akizikwa, minazi ianze kuhesabiwa, utasikia yasiyosemwa yote yanasemwa, nani mtoto wa nani, nani hakustahiki. Siri uliyowapa wakati wa mapenzi ndo inakuwa ushahidi dhidi yako.

Nilikuwa naangalia na mtoto wa khalati yangu, yuko kidato cha tatu, na khalati mwenyewe alikuwa sebuleni anachambua mchele, Kiingereza hakifuati sana ila anaangalia nyuso. Akauliza, "Huyu mtoto yuwaota kweli ama yuwajifanya?" Tukamwambia yuwaota kweli, mambo yanatokea. Basi khalati akaacha sinia, akasogea. "Nyanyako alikuwa hivyo," ndo hadithi ikaanza pale ya mjomba na jahazi na ndoto ya samaki weupe, mpaka tukarudisha nyuma vidio. Kisha huyu mtoto hana breki, akamwambia mamake, huyo alizaliwa mwanamume. Khalati akasema astaghfirullah, mara mbili. Kimya. Mchele ukachambuliwa kwa nguvu kidogo. Mi nikawa naangalia ukuta. Halafu bila kuinua uso akauliza, "Na mamake alisemaje?" Akaambiwa mamake alimkubali. Akafikiri. "Basi huyo dada ana hasadi tu, kipawa si cha kugawa yeye." Punje akaitupa. Alafu akasema tukiangalia vitu vyetu hivyo tufunge mlango, jirani wana macho.

Nimeyaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ndo khalati.

Lakini usiku nikaanza kumuuliza maswali yule mwandishi kichwani. Sawa, ndoto zimemshukia Nia, na kwa sheria ya hadithi zinamshukia binti, kwa hivyo mabishano yameisha, sayari nzima ya Naltor, kule ukoo wa mamake ulikotoka, imemtolea cheti. Imenifurahisha wallahi. Ila je, asingeota? Angekuwa ni ripota wa kawaida, transjenda, asinzia kazini kwa sababu hajalala vizuri tu, si Maeve angeweza kusema lile neno na hadithi isiwe na kitu cha kumjibu? Kwa nini mtu mpaka ajue yajayo ndo aaminiwe jina lake? Hii ndo shida yangu na superhiro kwa jumla, anayeheshimiwa ni anayeokoa mji, sisi wengine tunaokolewa, majina yetu hayaulizwi.

Tena kwenye hizo hadithi jina ni kitu rahisi sana, mtu ana majina mawili, nguo mbili, akivua miwani hatambuliki na hakuna askari wa kumuuliza kitambulisho. Kwetu hapa Kenya Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, ilibidi aende Mahakama Kuu ndo cheti chake cha sekondari kibadilishwe. 2014 hiyo, mwaka ule ule wa kesi ya Maine kama uliona. Mahakama ikaamuru baraza la mitihani limuandikie cheti kipya kwa jina lake na alama ya jinsia iondolewe. Hakuota chochote, alitaka karatasi isomeke kama yeye alivyo ili aweze kuomba kazi. Hiyo ingekuwa komiki ningeinunua.

Zamani kwenye komiki za Marekani hata hicho kidogo hakikuwako. Kulikuwa na kanuni ya 1954, wachapishaji wenyewe walijiwekea, muhuri juu ya kava, na chochote walichokiona upotofu wa kijinsia hakipiti. Walikuja kuilegeza 1989. Kwa hivyo waandishi walipitishia mlango wa uani, wakatuletea Mystique, yule wa rangi ya buluu wa X-Men, anayejigeuza mtu yeyote, leo mwanamke kesho senata mwenye tai. Mwandishi wake Chris Claremont alitaka Nightcrawler, mwingine wa X-Men, azaliwe na Destiny, mpenzi wa kike wa Mystique, na Mystique ndo awe babake, alikataliwa, ikabidi tungoje mpaka 2023 ndo Marvel wakaichapa hivyo. Sasa cha kuchekesha, muvi za X-Men mi niliziona kibandani, zile zilizosimuliwa Kiswahili na dijei juu juu, mabenchi yamejaa vijana wa bodaboda na miraa shavuni, na Mystique akigeuka mwanamume banda zima linapiga mbinja kwa raha. Hakuna aliyekereka. Mradi ni uchawi na rangi ni buluu watu hawana neno. Mtu wa kweli akipita pale nje na kanzu yake na mwendo wake, hao hao.

Ndo mana mafumbo yamenichosha. Mystique namuogopa na kumpenda lakini hakuna msichana atakayejiona ndani yake, mana yeye anadanganya, kazi yake ni kudanganya, na hiyo ndo tuhuma yenyewe wanayorushiwa hawa watu kila siku.

Wa kwanza kuandikwa waziwazi akapewa na nguvu, kwa ninavyojua, ni Kate Godwin, Coagula, kwenye komiki ya Doom Patrol 1993. Alimtunga Rachel Pollack, naye transjenda, amefariki 2023. Coagula anayeyusha kitu na kukigandisha, alienda kuomba nafasi Justice League, lile kundi la superhiro wakubwa, wakamkataa, na yeye alihisi kwa nini. Hiyo sehemu ya kukataliwa kazi naipenda kuliko nguvu zake zote. Baadaye ikaja timu nyingine ya waandishi, wakamuua.

Nimpendaye mimi lakini hana nguvu hata chembe. Alysia Yeoh, wanaishi nyumba moja na Barbara Gordon, ambaye ndo Batgirl mwenyewe, kwenye komiki za Batgirl za mwandishi Gail Simone. 2013 wanaongea wawili, mambo ya kifamilia, Alysia amwambia mi ni transjenda, Barbara amkumbatia, maisha yaendelea, kodi ya nyumba iko pale pale. Kisha 2015 wakamfanyia harusi! Harusi kwenye komiki ya Batgirl, na si ya Batgirl. Nilitamani kuona ngoma na hina na makungwi, basi kila mtu na kwao. Hakuokoa mji. Alipata mchumba, akaolewa, wageni wakala. Nikimuweka karibu na Nia naona Alysia kapewa kitu kikubwa zaidi, ingawa mtoto wa khalati amenibishia mpaka tumenuniana, yeye anasema bila kepu hakuna anayemkumbuka. Nimemwambia mbona mi namkumbuka. Akanijibu, "We si watu."

Ana haki kidogo. Nia amevuka kutoka tiivii akaingia kwenye komiki zenyewe 2021, na aliyemuandika ni Maines mwenyewe, 2024 kamuandikia kitabu kizima cha picha, kuhusu yeye na dadake na mamake. Alysia hajapata hata robo ya hapo.

Hicho kitabu cha Maines ndo nakitafuta sasa. Nimeulizia bei mpaka kifike huku, usafiri peke yake unanunua gunia la mkaa na chenji. Kaka wa muvi shopu anasema sizoni ya tano anayo, ila episodi mbili za katikati zimekatika, nimemwambia niletee hizo hizo.