Nilivyoandika tathmini ya ndani ya programu ya shahada, na ushauri nilioutupa

"Daktari, jipe alama za sita na saba, hakuna atakayesoma." Hivyo ndivyo nilivyoshauriwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati hizi za tathmini, na angali anawashauri wengine. Ripoti yetu imepita, na haina saba hata moja.

Tulifuata mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lile lenye makao Kampala. Juzuu la kwanza ni la kujitathmini katika ngazi ya programu, la pili ni la wakaguzi wa nje. Anza na la pili. Mambo watakayokuja kuyachunguza yamo humo, wazi kabisa, na bado kuna idara hapa Nairobi zinazowalipa washauri pesa za maana ili wayabashiri.

Alama zinatoka 1 hadi 7, na 4 maana yake inatosha kama inavyotarajiwa. Kila kipengele nilikipa 4 kwanza. Kupanda hadi 5 kulihitaji hati yenye tarehe na sahihi, kushuka hadi 3 kulitokea pale hati ilipokosekana. Tatu yenye mpango wa marekebisho, cheo cha mhusika, muda na fungu la bajeti haimsumbui mkaguzi. Saba isiyo na hati ndiyo humfanya avue koti aanze kuchimba.

Sasa hila yenyewe. Wengi hukusanya karatasi za kila aina, wanajaza boksi faili, kisha wanaanza kuandika. Mimi nilichukua lalamiko moja kutoka kwenye fomu ambazo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula: somo la takwimu halikuwa na vipindi vya maabara. Nikalifuata lalamiko hilo kama afande anayefuata mwizi wa kuku. Muhtasari wa fomu? Upo. Kumbukumbu za kikao cha idara? Zipo, limetajwa. Bodi ya kitivo? Kimya. Ratiba ya muhula uliofuata? Maabara imewekwa! Maana yake mwalimu alirekebisha mwenyewe, na mfumo haukujua. Mnyororo hukatikia papo hapo, kati ya idara na kitivo, kwa sababu ajenda ya kitivo haina kipengele cha maoni ya wanafunzi. Tukakiongeza kwenye ajenda, tukaandika kila kitu jinsi kilivyokuwa, tukajipa 3. Wakaguzi wa nje hufanya zoezi hilo hilo, ila wao hawakuambii wamechagua lalamiko lipi.

Jambo la pili, ambalo hakuna aliyenionya, ni saa. Mkaguzi akitoka Tanzania anafikiri kwa krediti: krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Sisi Kenya, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, tunahesabu saa za mhadhara, ambapo saa tatu za maabara huhesabiwa kuwa moja. Chukua somo lenye saa 30 za mhadhara na 45 za maabara. Kwetu ni 30 jumlisha 15, yaani 45. Kuna aliyenishauri nigawanye tu kwa 10. Ukifanya hivyo unapata krediti nne na nusu, na mgeni ataona somo kubwa limenyauka. Hesabu sahihi inarudisha maabara yote 45, inaongeza masomo binafsi, tuseme 45, na kazi za nyumbani pamoja na mitihani, 20. Jumla 140, krediti 14. Saa za masomo binafsi usizibuni. Waulize wanafunzi kwa fomu ya nusu ukurasa, wiki ya kawaida, si ya mitihani, halafu chukua thamani ya katikati, uizidishe kwa wiki za muhula. Wastani utaharibiwa na wale wawili wanaodai husoma saa 60.

Weka safu zote mbili, ya saa zetu na ya krediti zao, kwenye jedwali moja, na chini yake eleza kwamba shahada ya miaka minne ya Kenya iliwekwa kwa wanaotoka kidato cha nne, huku wenzetu wa Tanzania na Uganda wakipitia cha tano na cha sita. Usipoeleza, mjadala wa mwaka huo mmoja utakula asubuhi nzima.

Gharama ni fotokopi, chai na mandazi ya kamati, na elfu kadhaa za kujalidi. Ushahidi upe namba kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, na namba hiyo ikae kwenye mabano ndani ya aya. Ripoti za watahini wa nje, wale walimu wa vyuo vingine wanaopitia mitihani yetu, ziombe mapema: ofisi ya mitihani huzifungia na maswali ya mitihani, na mwenye ufunguo huwa likizo. Kila ripoti iambatanishe na jibu la idara. Bila jibu hilo, hata ripoti nzuri haikupandishi juu ya 4.