Msumari wa Kisigino

Mama alipofariki, akiwa amepita miaka 85, karibu kila aliyesimama msibani alimtaja kama nesi aliyezalisha nusu ya Shirati. Ni kweli, alizalisha sana. Ila mimi nikimkumbuka, namkumbuka kwa Jumapili moja ya mwaka 1983 ambayo hakuna aliyeigusia, labda kwa kuwa wengi waliokuwepo walishatangulia.

Shirati iko kando ya Ziwa Victoria, wakati huo ikiwa wilaya ya Tarime kabla Rorya haijamegwa kuwa wilaya yake. Wamisionari Wamennonite kutoka Marekani walifika hapo mwaka 1934, na mama alizaliwa miaka michache baadaye, kwa hiyo yeye na kanisa walikua pamoja. Akasomea unesi, akaajiriwa hospitali ya misheni, akaishia upande wa kambi ya wakoma, kama tulivyoiita enzi hizo. Alikaa huko miaka mingi huku akitulea sisi.

Sasa, kwetu Wamennonite Meza ya Bwana haiishii kwenye mkate na kikombe. Tunatawadhana miguu, kama ilivyoandikwa Yohana 13. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili. Kusema kweli ni jambo la dakika mbili: unachota maji kwa kiganja, unayapitisha mguuni, unafuta kwa taulo, mnainuka, mnakumbatiana. Na watu huja wameshajisugua nyumbani. Sijawahi kuona mguu mchafu kwenye beseni la kanisa.

Siku hiyo mama aliangukia zamu moja na mama mmoja wa kambini. Alikuwa amepona zamani, lakini kwao hawakumpokea, akabaki kulima jirani na kambi. Alivaa viatu vya ngozi vya kufunika vidole, alivyoviomba kwa watu, ambavyo fundi alikuwa amevibadilishia visigino. Aliviona vizuri mno kwa ibada.

Mama alipiga magoti, akauchukua mguu wa kulia, akaanza kumwagia maji. Kisha mkono wake ukasimama. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele na wasichana wenzangu, nikaona anarudisha kidole gumba pale pale kwenye kisigino, anabonyeza, anaacha, anabonyeza tena. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anatafuta joto. Mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kitu, lakini penye uvimbe ndani ngozi huwa ya moto, na kiganja kilichozoea hukijua kidonda kabla ya macho.

Akaugeuza unyayo juu. Halafu akakitwaa kile kiatu, akaingiza mkono ndani. Ncha ya msumari ilikuwa imetokeza. Yule mama alikuwa ametembea nao kutoka kambini hadi kanisani, na safari nyingine kabla ya hiyo, bila kuhisi lolote.

Ungetegemea amalize ibada, kisha amchukue pembeni. Wapi! Aliupandisha mguu mapajani, juu ya gauni lake la kanisani, akaniita kwa jina katikati ya wimbo: "Kimbia nyumbani, lete kikapu changu cha dawa. Na vile vitambaa vilivyochemshwa."

Nikakimbia. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, madukani hata kipande cha sabuni hupati, na bandeji zilikuwa zinafuliwa, zinachemshwa, zinaanikwa, jioni sisi watoto tunazikunja. Niliporudi, mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemsogelea mama na kumnong'oneza kwamba hapa si wodini. Mama hakuinua kichwa. "Endeleeni tu, mzee. Sisi bado tunatawadhana."

Akakata sugu iliyozunguka tundu kwa wembe, akatoa usaha, akasafisha, akapaka GV, ile dawa ya zambarau, akafunga. Muda wote alikuwa akimgombeza, kwa Kijaluo na Kiswahili kwa pamoja: kwa nini hakuingiza mkono kiatuni kabla ya kuvaa? Watu husema ukoma unadondosha vidole. Mama alilichukia neno hilo. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, alisema, vidole vinaondoka kwa moto, kwa miiba, kwa misumari na kwa vidonda ambavyo hakuna aliyevitazama. Nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuvaa kiatu bila kukikagua ndani, na sisi tulikuwa na miguu mizima kabisa.

Ugomvi wenyewe ulikuja kesho yake. Kambini palikuwa na fundi wa kushona makubadhi ya wagonjwa, soli ya tairi, juu yake mpira laini, bila msumari hata mmoja. Yule mama alikuwa na jozi yake, nzima, ameificha uvunguni. Alikataa katakata kuivaa kanisani. "Nikivaa hivyo, mtu ananijua kabla hajaniona uso," alimwambia mama. Mama, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila kitu, hakuwa na jibu.

Badala yake mama yangu alienda mwenyewe kwa fundi akapimwa mguu. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani na kilemba chake cheupe, gauni lililopigwa pasi, na makubadhi ya kambini. Sisi wanawe tulitamani ardhi ipasuke. Dada yangu mkubwa alikaa benchi la nyuma kabisa.

Lakini viatu vilikuwa adimu mwaka ule kama sabuni, na nusu ya wilaya ilikuwa inatembea na katambuga, ndala za tairi. Mke wa mwalimu alimuuliza mama kayapata wapi yale yenye mpira laini, kwa maana visigino vinamwuma. Kabla ya mvua za masika fundi alikuwa na foleni ya wanawake wa kwaya, na yule mama wa kambini akawa analalamika kwamba zamu yake ya kubadilishiwa mikanda haifiki.