Alhamisi ni Supu ya Njegere

Anayefanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee hapa Helsinki, Ufini, hana Jumatatu wala Jumapili. Ana zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, basi. Ongeza na mwanzo huu wa Februari, jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani, na usipojishikiza mahali utaulizwa leo siku gani ukabaki kutazama dari.

Mimi najishikiza kwenye chakula. Wafini hula supu ya njegere kavu kila Alhamisi: shuleni, jeshini, kwenye migahawa ya mchana, na kwa wazee wetu pia. Wenyewe husimulia kuwa ilianza enzi za Ukatoliki, watu walikuwa wakijaza tumbo Alhamisi kwa sababu Ijumaa ni ya kufunga. Ukatoliki ukaondoka karne ya 16, supu ikabaki. Ni nzito, inatiwa haradali, na baada yake inakuja chapati nene ya kuokwa yenye jemu ya stroberi. Ya kawaida ina nyama ya nguruwe, kwa hiyo mimi nachukua ya mboga, kisha natoa pilipili yangu mkobani. Kuna bibi mmoja, kila akiiona ile chupa hunikodolea macho kama anamwona mtu akijitilia sumu.

Wiki hii ilikuwa na neema ya ziada, maana tarehe 5 Februari ni siku ya Runeberg. Johan Ludvig Runeberg, aliyezaliwa mwaka 1804, ndiye mshairi aliyetunga maneno ya wimbo wao wa taifa, na watu wake wakamwekea keki: kadogo, kamesimama wima, kana lozi ndani, na juu kuna jemu ya rasiberi iliyozungushiwa sukari nyeupe. Nilikula nikimfikiria Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama mimi. Shule tumempa, barabara tumempa. Kashata yenye jina lake sijaiona.

Halafu kuna iliki. Watu hawa, ambao pilipili manga kidogo tu inawatoa jasho, wanatia iliki kwenye pulla, mkate wao laini wa sukari unaoliwa na kahawa. Tena wanaiponda chengachenga, unaitafuna. Nikipita mbele ya duka la mikate asubuhi pua yangu inasema maandazi hata kabla macho hayajaona kitu. Basi Jumatano nikakaanga ya kwetu, ya tui, nikapeleka kazini. Wazee wakayapokea kama donati zao za sikukuu ya Mei Mosi. Babu mmoja akamaliza matatu ndipo akauliza mbona tumewahi hivyo, Mei bado.

Lakini mfalme wa wiki yangu ni Jumamosi jioni. Jengo letu lina sauna ya pamoja kule chini na kila nyumba ina saa yake. Zamu ya kazi nitabadilishana na yeyote, saa hiyo sibadilishani. Nchi hii ina watu milioni tano na nusu hivi na sauna zinazokadiriwa kuwa milioni tatu hivi, na mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Jiko la umeme limejaa mawe. Unachota maji kwa kata, unamwaga, mvuke unapanda na kukubana masikio. Nyuzi joto 80. Wenyewe huingia uchi bila wasiwasi. Mimi na shoga yangu wa Mombasa tunaingia na kanga, na umbea wote wa wiki tunaumalizia humo. Tukizidiwa tunatoka nje, tunasimama kwenye theluji dakika chache huku tunafuka moshi, tunarudi. Uchovu wa kuinua na kugeuza wagonjwa siku zote hizo unashuka mgongoni, unausikia kabisa ukishuka. Wako wanaotoboa barafu baharini na kujitumbukiza. Hapo nimekataa. Bahari niliyokulia haitobolewi.

Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye kwenye lifti hutazama viatu vyake tu, akinikuta natoka sauna ananisalimia na kuuliza kama joto lilikuwa zuri.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Oodi, maktaba kubwa iliyofunguliwa Desemba 2018 mkabala na Bunge. Mwenye kutaka vitabu apande juu kabisa. Ghorofa ya kati kuna vyerehani vya bure, unaweka nafasi tu. Nilipunguza madera mawili, nikarudi zangu na metro nikipitia Hakaniemi kununua muhogo wa kugandisha na tui la kopo.

Jumapili ni ya simu. Majira haya Tanga wako mbele yetu saa moja tu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi saa zitalingana, kwa hiyo simpigii mama usiku wa manane kama wafanyavyo wenzangu walioko Marekani. Nilimsimulia sauna, na kwamba ile saa yangu nailipia kila mwezi. Kimya kidogo.

"Unalipia joto?"

"Ndiyo, mama."

"Njoo Machi hii ukae jikoni kwangu, mwanangu. Nitakutoza nusu."